Sikukuu ya Dini Inapofika, Zamu Ishikwe na Nani?

Mjadala wa kuwafanyisha watu kazi siku za sikukuu za dini huendeshwa kama kesi ya watu wawili. Yupo mwajiri, anayetaka kazi isisimame, na yupo muumini, anayetaka kwenda kuabudu. Mmoja anashika mkataba, mwingine anashika imani, na wasikilizaji huchagua upande kulingana na wanavyoipenda dini au wanavyoyachukia makampuni. Kumbe kuna mtu wa tatu ambaye haitwi hata kutoa ushahidi. Ni yule anayepigiwa simu jioni ya mkesha akaambiwa, "Mwenzako kesho hayupo, njoo umshikie zamu." Naamini swali la iwapo waajiriwa walazimishwe kufanya kazi siku za dini haliwezi kujibiwa kwa haki bila kumhesabu yeye.

Kwanza tumpe muumini haki yake. Watu wengi wasioshika dini huiona sikukuu kama siku ya raha, ya kuvaa vizuri na kuonana na ndugu. Ukiiona hivyo, ni rahisi kuuliza kwa nini mtu asiisogeze mbele mpaka siku ambayo kazi si nyingi. Kwa anayeamini, siku yenyewe ni sehemu ya ibada. Myahudi hawezi kuufunga Yom Kippur, siku yake ya toba na mfungo, wiki inayofuata kwa sababu wiki hii ofisi ilikuwa na shughuli. Sabato huingia Ijumaa jua likizama, iwe zamu imekwisha au haijaisha. Swala ya Idi husaliwa asubuhi, kwa jamaa, baada ya jua kupanda na kabla ya adhuhuri. Ibada ya Ijumaa Kuu hufanyika Ijumaa hiyo pamoja na kanisa zima. Kumwambia mtu aabudu siku nyingine ni kumwambia akose mwaka huu asubiri mwakani, ambapo huenda ataambiwa vivyo hivyo.

Jumuiya ya kimataifa ililiona jambo hili zamani. Tamko la Umoja wa Mataifa la 1981 dhidi ya kutovumiliana na ubaguzi wa kidini linaeleza katika ibara yake ya 6 kwamba uhuru wa dini unajumuisha kushika siku za mapumziko na kuadhimisha sikukuu kulingana na mafundisho ya dini ya mtu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 32, inasema mtu hatanyimwa ajira kwa sababu ya imani yake, wala hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani hiyo. Maneno haya ni mazito, ingawa kati ya katiba na ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani pana safari ndefu.

Sikukuu pia ni jambo la watu wengi kwa pamoja, na hapo ndipo hoja ya "tutakupa siku nyingine ya kupumzika" inapopwaya. Mwaka 1929 serikali ya Kisovyeti ilianzisha juma la siku tano lisilo na kituo. Wafanyakazi waligawanywa makundi matano, kila kundi likapewa siku yake ya mapumziko, na viwanda vikawa havifungwi. Kwa hesabu tupu mfanyakazi alifaidika: alipumzika siku moja katika kila tano, badala ya moja katika saba. Lakini mume alipumzika leo, mke keshokutwa, na marafiki siku nyingine kabisa. Jumapili, siku ya kwenda kanisani, ilipotea katikati, na hilo lilikuwa miongoni mwa makusudio. Mitambo nayo ilichakaa kwa kukosa siku ya matengenezo. Mwaka 1931 wakahamia juma la siku sita lenye siku ya mapumziko ya pamoja, na mwaka 1940 wakarudi kwenye siku saba na Jumapili. Serikali yenye nguvu kiasi hicho ilishindwa kuwashawishi watu kwamba kupumzika peke yako ni sawa na kupumzika pamoja na wako. Sioni kwa nini meneja wa duka aweze.

Basi twende kwa mwajiri, na tusimsikilize kwa dharau. Ni uvivu wa fikra kudhani kila anayewaita watu kazini siku ya sikukuu ana tamaa ya fedha. Mgonjwa aliyelazwa hapumui vizuri zaidi kwa sababu leo ni Krismasi. Umeme, maji, zimamoto, ulinzi, meli iliyo katikati ya bahari, ng'ombe wanaopaswa kukamuliwa asubuhi na jioni, mzee asiyejiweza katika nyumba ya matunzo: hakuna kati ya hivi kinachoweza kungoja ibada iishe. Na wanaosherehekea wenyewe wanavihitaji. Anayekwenda kusali kwa basi amemwacha dereva usukani.

Dini zenyewe hazikuwahi kudai kwamba kila kazi ikome. Sheria ya Kiyahudi, ambayo ni kali kuliko nyingi katika kuishika Sabato, inafundisha kwamba kuokoa uhai kunatangulia Sabato. Katika Injili ya Luka, Yesu anawauliza wanasheria na Mafarisayo ni nani kati yao ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hatamtoa mara moja. Kurani, katika sura ya 62, inawaamuru waumini waache biashara wanapoitwa kwenye swala ya Ijumaa, kisha inawaambia swala ikiisha watawanyike katika ardhi watafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Hata Kaizari Konstantino, alipotoa amri ya mapumziko ya Jumapili mwaka 321, aliwataka mahakimu, watu wa mijini na mafundi waache kazi, lakini akawaruhusu wakulima waendelee, kwa kuwa mbegu na mizabibu hufuata hali ya hewa. Kwa hiyo mwajiri anayesema kazi nyingine haziwezi kusimama hapingani na dini.

Tatizo ni kwamba hoja hii nzuri huazimwa na wasiostahili. Neno "huduma muhimu" huanza hospitalini, likapita kwenye kituo cha umeme, mwishowe likafika kwenye duka la viatu. Hakuna atakayeumia akikosa kununua viatu siku ya Idi. Duka linafunguliwa kwa sababu jirani naye kafungua, na hapo tumeacha habari ya uhai tukaingia kwenye ushindani. Nadhani mjadala wetu ungepoa sana kama waajiri wangelisema hili bila kujificha. Muuguzi na muuza viatu hawaitwi kazini kwa sababu moja, na hawapaswi kuwekewa kanuni moja.

Hoja ya ushindani nayo si ya kupuuzwa. Mwenye duka akifunga peke yake, wateja wanahamia kwa mwenzake, na wengine hawarudi. Lakini hoja hiyo, ukiifuata hadi mwisho, inaunga mkono sheria ya wote kuliko inavyounga mkono uhuru wa kila mmoja kufungua. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2004 inayokataza maduka makubwa, yenye eneo la mauzo linalozidi mita za mraba 280, kufunguliwa siku ya Krismasi huko England na Wales. Kwa kuwa wakubwa wote wamefunga, hakuna anayemnyang'anya mwenzake mteja. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: katiba yake imebeba kifungu cha katiba yake ya zamani, Katiba ya Weimar ya 1919, kinachozilinda Jumapili na sikukuu zinazotambuliwa kuwa siku za kupumzika na za kuinua roho, na mwaka 2009 Mahakama ya Katiba iliikatalia Berlin sheria iliyoruhusu maduka kufunguliwa Jumapili zote nne za Majilio kabla ya Krismasi.

Napenda sheria za namna hii, lakini zina jeraha ambalo walio wengi hawalioni kwa sababu haliwaumi. Siku inayofungwa kwa wote ni siku ya walio wengi. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Kanada iliifuta sheria ya Siku ya Bwana, iliyokuwapo tangu 1906, katika kesi ya duka la dawa la Calgary lililoshtakiwa kwa kuuza Jumapili. Mahakama iliona kwamba dola ilikuwa ikiwalazimisha watu wote kuishika Sabato ya Wakristo. Mfikirie Myahudi au Msabato mwenye duka dogo: Jumamosi anafunga kwa ajili ya Mungu wake, Jumapili anafunga kwa ajili ya Mungu wa jirani, na anabaki na siku tano za kushindana na mwenye sita. Kwa mwajiriwa wa dini ya wachache hali ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Sikukuu za wenzake zimo kwenye kalenda ya taifa na zinalipwa. Za kwake hukatwa kwenye siku zake za likizo ya mwaka, na bado lazima aombe ruhusa.

Austria imetuachia funzo zuri hapa. Kwa miaka mingi sheria yake iliifanya Ijumaa Kuu kuwa sikukuu ya kulipwa, lakini kwa waumini wa makanisa machache tu: ya Kiinjili, la Wakatoliki wa Kale na la Methodisti. Muumini wa makanisa hayo akifanya kazi siku hiyo, alipata malipo ya ziada; asiyekuwa muumini wao alipata mshahara wa kawaida. Mfanyakazi mmoja, Markus Achatzi, aliyefanya kazi Ijumaa Kuu ya mwaka 2015, alidai malipo hayo ingawa hakuwa wa makanisa hayo. Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 22 Januari 2019 ikaamuliwa kwamba huo ni ubaguzi wa moja kwa moja wa kidini. Serikali ingeweza kuwapa wote. Badala yake iliiondoa sikukuu hiyo kwa wote, ikampa kila mfanyakazi haki ya kuchagua siku moja ndani ya likizo yake ya mwaka na kuitangaza miezi mitatu kabla kuwa siku yake binafsi, ambayo mwajiri hawezi kumnyima.

Wazo la siku binafsi ni zuri mno. Halimuulizi mtu anaamini nini, wala halimpi mkuu wa idara kazi ya kupima imani ya mtu. Yule wa Pasaka, yule wa Diwali, na yule anayetaka tu kuwa na mama yake siku ya kumbukumbu ya kifo cha baba, wote wanasimama mlango mmoja. Kasoro yake ni kwamba siku hiyo imetolewa mfukoni mwa mfanyakazi mwenyewe. Waliokuwa na sikukuu ya kulipwa walibaki na haki ya kuitumia likizo waliyokuwa nayo tayari. Kama ningeshauriwa, ningeongeza siku hizo juu ya likizo ya kawaida, hata kama ni mbili tu kwa mwaka. Zinatosha kubeba sikukuu ambayo muumini wa dini ya wachache haiachi kwa lolote.

Sasa nifike kwa mtu wa tatu. Ushahidi ulio wazi kuliko wote juu yake umo katika kesi tatu za Marekani, na inafaa kuzisoma kwa pamoja kwa sababu zinaonyesha mizani ikienda upande huu na ule.

Ya kwanza iliamuliwa mwaka 1977. Larry Hardison alifanya kazi katika ghala la vipuri la shirika la ndege la TWA, Kansas City, mahali palipofanya kazi saa ishirini na nne. Aliingia katika kanisa linaloshika Sabato. Alipohamia jengo jingine akajikuta hana ukongwe, yaani miaka ya kutosha kazini, wa kumwezesha kuchagua zamu, na chama cha wafanyakazi hakikukubali kuvunja utaratibu wa ukongwe kwa ajili yake. Alipokataa kuja Jumamosi akafukuzwa. Mahakama Kuu ilisema kampuni haikulazimika kubeba zaidi ya gharama ndogo sana, wala kuwanyima wengine zamu walizozipata kwa haki. Kwa miaka mingi baada ya hapo, waajiri waliweza kumkataa muumini kwa kisingizio chepesi tu.

Ya pili ni ya mwaka 1985, na ilielekea upande wa pili. Jimbo la Connecticut lilikuwa na sheria iliyosema mtu akitaja siku fulani ya juma kuwa Sabato yake, mwajiri asimlazimishe kufanya kazi siku hiyo. Hakuna masharti, hakuna kuangalia hali. Mahakama iliifuta sheria hiyo kwa sababu iliwabebesha waajiri na wafanyakazi wengine mzigo wote bila kupima chochote. Ilitaja hata wale wenye sababu nzito zisizo za kidini za kutaka mapumziko ya mwisho wa juma, ambao sheria haikuwapa kitu.

Ya tatu ni ya Gerald Groff, Mkristo aliyekuwa mfanyakazi wa posta Pennsylvania tangu 2012. Kazi ile haikuwa na Jumapili mpaka posta ilipokubali kupeleka vifurushi vya Amazon siku hiyo. Groff akahamia kituo kidogo cha vijijini ili kuepuka jambo hilo, lakini nako likamfuata. Alipokataa, Jumapili zake zilifanywa na wenzake, na hata mkuu wa kituo, ambaye kwa kawaida kupeleka barua si kazi yake, alishika njia. Groff akaadhibiwa hatua kwa hatua, na Januari 2019 akajiuzulu. Tarehe 29 Juni 2023 majaji wote tisa walikubaliana kwamba gharama ndogo si kipimo. Mwajiri anayekataa lazima aonyeshe kwamba kumruhusu muumini kungemletea mzigo mkubwa kwa kulinganisha na biashara yake. Walisema pia kwamba wenzake kuichukia dini yake, au kuchukia tu wazo la yeye kuruhusiwa, si mzigo unaohesabika.

Naukubali uamuzi huo wa 2023, na hasa sehemu hiyo ya mwisho, kwa sababu chuki ya wenzako isiwe na kura. Lakini manung'uniko ya wafanyakazi wenzake Groff sidhani yote yalikuwa chuki. Kituo kidogo chenye watu wachache, mmoja akitoka kila Jumapili, waliobaki wanazigawana Jumapili zake. Nao wana watoto, na wengine nao wana makanisa. Tukimpa muumini haki yake kwa kumkata mwenzake siku, hatujatoa chochote sisi. Tumetoa cha mtu mwingine. Na huyo mwingine mara nyingi ni mgeni kazini, au kibarua asiye na mkataba, au kijana asiye na mke wala watoto ambaye kila msimamizi anadhani hana pa kwenda. Mara nyingi pia ni asiye na dini, anayeonekana kama akiba ya zamu kwa kila sikukuu ya kila dini. Huyo naye ana siku zake, ana watu wake, ana mwili unaochoka. Kutokwenda kuabudu hakumfanyi kuwa mali ya ofisi.

Jawabu ninaloliona ni kwamba gharama ya sikukuu ibebwe na biashara, ndiyo inayofaidika na mlango kuwa wazi. Ibebwe kwa kuajiri mtu wa ziada, kwa kulipa zaidi anayekubali kuja, kwa kupunguza saa za huduma siku hiyo, au kwa kufunga. Mwajiri akishindwa kuibeba kwa njia hizo zote, hapo ndipo ana haki ya kumwita asiyetaka kuja. Mahakama ya Rufaa ya England ilikutana na hali ya namna hiyo mwaka 2013 katika kesi ya Celestina Mba, Mkristo aliyewatunza watoto wenye ulemavu katika makao ya watoto. Kwa muda alipangwa asije Jumapili, kisha akatakiwa kuja, akashitaki, akashindwa, kwa kuwa mahakama iliona hapakuwa na namna nyingine ya kweli ya kuyaendesha makao yale. Uamuzi huo unauma ukiusoma kwa jicho la mama yule aliyetaka kwenda kanisani. Ukiusoma kwa jicho la mtoto anayehitaji kulishwa na mtu anayemfahamu, ni vigumu kuupinga.

Kuna hoja moja ya waajiri ambayo siikubali hata kidogo: "Asiyetaka aache kazi." Ilitumika hadi katika vyombo vya haki za binadamu vya Ulaya, ambako mtu aliyekataa Jumapili aliambiwa uhuru wake wa dini ulikuwa salama kwa kuwa alikuwa huru kujiuzulu. Januari 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Eweida na wenzake, iliachana na msimamo huo ikasema uwezekano wa kubadili kazi ni jambo moja tu la kuwekwa kwenye mizani. Wako waliokubali masharti ya Jumapili au ya sikukuu kwa macho wazi siku ya kuajiriwa, na hao wanapaswa kuyaheshimu. Lakini Groff aliajiriwa kabla ya Jumapili kuingia kazini kwake. Kampuni ikibadilisha masharti katikati ya safari, haiwezi kumwambia abiria ateremke kisha ikaliita hilo chaguo lake.

Vipi kuhusu fedha? Nchi nyingi hutatua jambo kwa malipo. Tanzania, kwa sheria yake ya ajira ya 2004, inamtaka mwajiri amlipe mara mbili ya mshahara wa msingi wa saa yule anayefanya kazi siku ya sikukuu ya taifa. Uingereza haina sheria ya kulipa ziada. Mkataba ndio unaoamua. Malipo maradufu yana faida kubwa: yanatafuta anayekubali mwenyewe, na katika sehemu yenye watu wa imani mbalimbali hupatikana. Wapo wanaoisubiri sikukuu ya wenzao kwa hamu kwa sababu ya malipo hayo, na hakuna ubaya. Ila kwa yule ambaye siku ile ni ibada, fedha hailingani na alichokosa. Na kwa anayelipwa kidogo mno, "hiari" inayonunuliwa kwa mshahara maradufu haiko mbali sana na lazima. Ndiyo maana napendelea malipo yaje pamoja na siku ya kufidia, tena anayoichagua mfanyakazi.

Upande wa muumini nao una wajibu, na hapa nasema kwa ukali kidogo kwa sababu uzembe wa wachache huwaharibia wengi. Sikukuu nyingi zinajulikana mapema. Pasaka imekwisha kuhesabiwa kwa miaka mingi mbele. Wakristo wa makanisa ya Mashariki wanaofuata kalenda ya zamani wanajua Krismasi yao ni tarehe 7 Januari. Hata Idi, inayotegemea kuandama kwa mwezi na kurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, hutofautiana kwa siku moja tu: ratiba inaweza kuziwekea alama siku zote mbili na kuamuliwa usiku ule. Anayemwarifu msimamizi saa nne usiku kwamba kesho haji, ilhali alijua tangu mwanzo wa mwaka, hamdai mwajiri uhuru wa dini. Anamwachia mwenzake zigo. Ukitaka siku yako ilindwe, sema mapema, ikiwezekana siku ya kuajiriwa, na uwe tayari kushika zamu ya mwenzako inapofika siku yake.

Kubadilishana huko ndiyo njia bora niijuayo panapokuwa na mchanganyiko wa dini. Muislamu anashika Krismasi, Mkristo anashika Idi, asiye na dini anachagua mwaka mpya au siku yoyote aipendayo, na hakuna anayehisi ameibiwa. Inafanya kazi kwa sababu kila mmoja anapokea kile anachotoa. Lakini isiachwe kwenye urafiki peke yake. Ikiachwa hivyo, wenye marafiki wengi watapata sikukuu zote na mgeni atapata zamu zote. Iandikwe, na mwajiri awajibike kuisimamia.

Linabaki lile gumu: wodi au kituo cha umeme ambacho wote, au karibu wote, ni wa dini moja, na kazi ni ya kweli, si ya viatu. Hapo hakuna wa kubadilishana naye. Lazima wachache wakose ibada, na hakuna kanuni itakayowafanya wasiikose. Kinachowezekana ni kupokezana kwa kumbukumbu ya maandishi, aliyeshika mwaka huu asishike mwakani. Kuikata zamu vipande vidogo ili anayeshika asubuhi aiwahi ibada ya jioni. Kubaki na idadi ndogo kabisa inayotosha, na kazi zinazoweza kungoja zingoje. Na kumpa anayebaki nafasi ya kusali palepale alipo. Tena orodha hiyo ya kupokezana ianze na wakuu. Katika kile kituo kidogo cha posta cha Pennsylvania, mkuu wa kituo alipeleka vifurushi mwenyewe. Sijui aliyafanya hayo kwa moyo gani, lakini sehemu nyingi za kazi jina la meneja halijawahi kuonekana kwenye zamu ya sikukuu, na wanaopanga zamu ndio wanaoamua kama liwekwe.